Ukipiga, Omba Kuzungumza na Baba

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumatano, 15 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kipara,

Kwanza tulia. Najua ukiona barua ya karatasi badala ya ujumbe wa simu moyo utakuruka, kwa hiyo naanza na lile unalotaka kulijua: hakuna aliyekufa. Baba yupo, Mama yupo, mimi nipo, hata lile friji la zamani lipo na linaunguruma kama kawaida yake. Sasa kaa kitako, vua viatu, tusalimiane kama watu.

Hujambo, ndugu yangu? Wifi yangu hajambo? Yale mafua aliyokuwa nayo yameisha, au ndiyo mnapokezana nyumba nzima? Na binti yenu, Bosi Mdogo, bado anawaamuru mlale saa anayotaka yeye? Mgongo wako je? Uliniandikia kwamba kule ghalani mmeletewa mashine ya kunyanyulia makasha, nikashukuru, maana wewe na kujifanya una nguvu nakujua. Baridi imepungua? Na nywele zilizobaki zinaendeleaje? Baba alikupa jina la Kipara kwa sababu ulizaliwa bila hata unywele mmoja. Ukaota nywele, ukaringa nazo miaka yote ile, lakini kwa picha uliyotuma juzi naona jina limerudi kudai haki yake.

Sisi hatujambo. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, ikifika saa nne yanasahau. Mimi bado niko kwenye mapazia. Safari hii ni ya ukumbi wa shule, kitambaa kizito cha rangi ya ugoro, na kila nikikunja pindo sindano inagoma. Wenzangu pale karakana wanasema nimeanza kugombana na cherehani kwa sauti. Sibishi.

Unajiuliza kwa nini sikukuandikia kwenye simu. Kwa sababu kwenye simu utanijibu "sawa dada" kwa kidole gumba huku unatafuna, na hili ninalokuja nalo silitakii "sawa dada". Nalitaka moyo wako wote. Binti wa fundi saa, yule jirani yetu, anasafiri kesho kuja huko kwenu, na ameniahidi barua hii itakuwa mkononi mwako kabla ya Jumapili. Shika hiyo siku, Jumapili. Nitairudia.

Ni habari ya Baba.

Tangu kiharusi kimpige mwaka jana umenisikia nikisema anaendelea vizuri. Nawe umekuwa ukiuliza, "Mzee anaendeleaje?", mimi najibu hivyohivyo, na sote wawili tunajua kwamba hilo si jibu. Leo nikupe jibu lenyewe, kuanzia mwanzo, na kama mengine unayajua nivumilie.

Aliporudi kutoka hospitali mguu ulikuwa umeshaanza kutii. Mkono wa kulia ulikuwa mzito, na bado ni mzito. Lakini kilichotutia hofu ni mdomo. Kiswahili kilikuwa kimeondoka. Alikuwa anafungua mdomo aseme maji, unaona kabisa kwamba analijua neno na analitafuta, halafu hakitoki kitu. Mama naye akasema hili ni la kufundishwa tu, kama alivyotufundisha sisi. Akawa anamkalisha mezani, anamwonyesha kijiko. "Sema kijiko. Ki-ji-ko." Asubuhi kijiko, mchana kijiko. Mtu mzima na ndevu zake, jamani! Siku moja Baba akakirusha hicho kijiko kikapotelea nyuma ya friji, na mpaka leo kiko hukohuko kwa sababu hakuna aliye na hamu ya kukitoa.

Akanyamaza kabisa baada ya hapo. Nyumba ikawa nzito, hata sisi tukawa tunanong'ona.

Halafu asubuhi moja mimi na Mama tuko jikoni, simu ya Mama ikaita sebuleni. Kabla sijafuta mikono nikasikia sauti ya mwanamume, nzuri, imenyooka, haina hata mkwaruzo: "Good morning. Thank you for calling. Go ahead, please." Mama aliangusha sufuria. Tulipofika sebuleni Baba amekaa wima kitini, simu sikioni kwa mkono wa kushoto, kidevu juu, kama nilivyomwona mara ngapi utotoni. Upande wa pili alikuwa jamaa wa mitungi ya gesi, ambaye alitaka tu kujua kama tupo nyumbani. Alikata, akapiga tena, akakata tena, mwishowe akaja mwenyewe na pikipiki kutuuliza kama tumehama.

Wewe unakumbuka kazi ya Baba, lakini ngoja niiseme, maana naipenda. Opereta wa simu wa hoteli. Kile chumba chake kidogo nyuma ya mapokezi, kisicho na dirisha, ule ubao wenye matundu na waya zake, na baadaye ule mtambo wa vitufe ambao hakuupenda kamwe. Kutwa nzima alikuwa akiunganisha watu ambao hawajui hata sura yake. Kiingereza chake hakikuwa kingi. Kilikuwa kama nguo za kazi: chache, safi, zimepigwa pasi. Akifika nyumbani alikitundika pamoja na koti, hatukukisikia tena mpaka kesho yake.

Basi hicho ndicho kilichobaki.

Wiki hiyohiyo ya jamaa wa gesi ndipo ulipopiga wewe. Baba akaiwahi simu kabla yetu, akakupokea vilevile kwa Kiingereza. Ukamwambia, "Baba, ni mimi." Akakujibu, "Hold on, please," kwa upole uleule aliowapa wageni wa hoteli. Nilipoichukua simu mkononi mwake ulikuwa unalia, ukaniambia, "Dada, huyu si Baba." Hujapiga tena. Nilikukasirikia, nikapoa, nikakukasirikia tena, na siku nyingine nilikuonea huruma mpaka nikashindwa kula. Sikuandikii ili nikugombeze. Lakini ujue kwamba yeye amekuwa akiitazama simu kila Jumapili mchana, saa uliyozoea kupiga, na ikifika jioni anaigeuza kifudifudi.

Sasa nikwambie yaliyotokea tangu hapo, na mengi ni mazuri.

Pale hospitali kuna dada mmoja anayewarudishia watu maneno. Mwembamba, viatu vya mazoezi, kicheko kikubwa. Sisi tunamwita Dada wa Matamshi. Tulimpelekea Baba huku Mama amejifunika uso kwa aibu, anaeleza kwamba mumewe amegeuka Mzungu. Yule dada hakushangaa. Akatuambia maneno ambayo mtu ameyasema maisha yake yote bila kuyafikiria mara nyingine hubaki hata mengine yakiondoka. Kwa mwingine ni nyimbo, kwa mwingine ni kuhesabu, kwa wetu ni kazi. "Msimkataze," akasema. "Hayo ndiyo aliyonayo mkononi. Mjibuni. Ongeeni naye kwayo."

Unajua mimi na Kiingereza. Shuleni tulikuwa hatusalimiani. Na vilivyonimaliza zaidi ni vile vitenzi vyao vyenye mkia. "Put" nalijua, ni kuweka. Wakilipachika "on" mtu amevaa shati, wakilipachika "off" mkutano umeahirishwa, wakilipachika "up with" mke anamvumilia mume. Sisi tukitaka neno ligeuke tunalishonea ndani kwa ndani: shona, shonea, shonesha. Wao wanatundika kipande kwa nje kama ringi ya pazia, na usipoangalia kinaning'inia pasipo pake. Lakini kwa ajili ya Baba nilikwenda kwa muuza vitabu vya mitumba nikanunua kitabu kizima cha vitenzi hivyo, kila kimoja na sentensi yake ya maisha ya kila siku.

Ndugu yangu, maisha gani yale! Watu wa kitabu kile hawatulii hata kidogo. Huku gari la bwana mmoja "breaks down" barabarani, huku mkewe "runs out of" sukari wageni wameshafika, huku wachumba "break up" na kabla hujageuza ukurasa "make up" wanapatana. Kuna mjomba wao ambaye "gives up" sigara kila zoezi, na zoezi linalofuata anayo mdomoni. Nikavaa miwani, nikaketi mbele ya Baba, nikamsomea kwa sauti ya ualimu: "The plane took off." Baba akanitazama kwa huruma, kama vile mgonjwa ni mimi. Kisha akasema, "Call back later," akageukia dirishani.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dada wa Matamshi naye alicheka, halafu akanielekeza: ndege na wachumba nimwachie mwenye kitabu, niyatumie yale ambayo Baba anayo. Nikakiweka kitabu chini ya mguu wa meza ile inayoyumba. Meza imepona.

Basi ndivyo tunavyoishi sasa. Nikwambie ili siku ukija usitoe macho. "Go ahead" ni ndiyo: mwekee chai, fungua dirisha, anza kula. "Hold on" ni subiri, na hiyo haimtoki mdomoni wakati wa kuvaa, maana vifungo vinamchelewesha. "Call back later" ni sitaki sasa hivi, na mara nyingi inahusu kuoga. "Hang up" ni zima televisheni, hasa wakiingia wale wa kuahidi barabara. Akitaka umtafutie kitu anasema "Look it up," na hapo inabidi uzunguke nyumba nzima ukinyanyua vitu kimoja kimoja: miwani? redio? kofia? mpaka ufike kwenye chenyewe akwambie "Go ahead."

Na "Speak up, please", yaani ongeza sauti, ni ya Mama peke yake. Unajua Mama anavyonung'unika jikoni akiwa na lake rohoni, yale ya chinichini ambayo Baba kwa miaka yote alijifanya hayasikii. Siku hizi akianza tu, sauti inatoka sebuleni, laini, ya heshima zote: "Speak up, please!" Mara ya kwanza Mama alikuja mlangoni na mwiko mkononi, kisirani kimempanda, akamkuta mumewe anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Hakumaliza alichotaka kusema. Nadhani siku ile walikumbuka ujana wao, mimi nikajitia nakwenda dukani.

Iko moja inayoniumiza. Neno likimponyoka katikati ananyanyua mkono wa kushoto, anasema polepole, "We were cut off." Anavyolisema ni kama anamwomba radhi mteja kwamba laini imekatika na kosa ni la hoteli. Ikifika hapo huwa naondoka kidogo, nikaanue nguo hata kama hazijakauka.

Lakini Mama! Mama yako, ambaye hakuwahi kutamka neno la Kizungu zaidi ya "sori", sasa anamfunga Baba vifungo huku anambembeleza, "Hold on, mzee wangu, hold on." Muuza mboga akizubaa na nyanya anaambiwa "Hurry up" mpaka anajikuta ameongeza moja. Na hilo la "hurry up" hata Baba hana, kalitoa wapi mimi sijui. Fundi saa anasema siku hizi akipita chini ya dirisha letu anajisikia kama anatakiwa kuvaa tai.

Baadaye Dada wa Matamshi akatupa ujanja mwingine. Akasema mwacheni aanze na neno lake la kazi, akishateleza nalo mumwachie nafasi nyuma yake, huenda la Kiswahili likafuata lenyewe. Msimvutie. Ngojeni tu. Kwa familia yetu, yenye midomo kama redio, kungoja ni kazi kuliko mapazia ya ukumbi. Tuliketi mezani tunang'ata ndimi zetu mlo baada ya mlo, na hakikufuata kitu.

Mpaka siku ya mchuzi. Baba alionja, akaweka kijiko chini. "Hold on," akasema. Tukangoja. Akakunja uso, akafumba macho, mkono wa kushoto ukashika ukingo wa meza. Nikajua sasa atasema amekatika. Akasema, "Chumvi."

Unamjua Mama na chumvi yake. Mtu akithubutu kusema imezidi, nyumba haikaliki wiki nzima. Siku hiyo aliruka kitini akamkumbatia na kijiko chake: "Imezidi, eh? Imezidi? Hebu sema tena!" Akasema tena. Tulilia wote watatu, mchuzi ukapoa, na kusema kweli chumvi ilikuwa imezidi.

Tangu siku ile yanakuja, moja moja, bila mpangilio. Dirisha. Viatu. Jua. Basi. Mengine yanakuja leo, kesho hayapo, kesho kutwa yanarudi na rafiki yake. Juzi aliniambia "Hold on, mvua," nikatoka, kweli, mawingu haya hapa. Daktari hataki kuahidi kitu, na mimi simlazimishi. Majina ya watu ndiyo yaliyogoma. Mimi ninayemvalisha soksi kila asubuhi naitwa "wewe". Mama anaitwa "yule".

Na simu haikubadilika. Mezani alikuwa anarudi Baba, kidogo kidogo, lakini ukimwekea simu sikioni alikuwa opereta moja kwa moja. Ndiyo maana sikukuambia upige. Niliogopa utakutana na yuleyule aliyekuliza.

Sasa sikiliza ya Jumatatu hii.

Nilikuwa karakana, nikapiga nyumbani kumwuliza Mama kama jamaa wa gesi amefika. Mama alikuwa uani anaanika nguo. Akapokea Baba. "Good afternoon. Go ahead, please." Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie anipe Mama. Lakini nilikuwa nimesimama, simu sikioni, mkono mwingine nimeziba sikio kwa sababu ya kelele, na ghafla nikajikuta mtoto, dukani kwa yule mzee wa mafuta ya taa, sare ya shule, wewe umening'inia mkononi mwangu unataka na wewe usikie.

Unakumbuka? Mwenye duka alikuwa akituruhusu tupige hotelini tukitoka shule. Baba hakuruhusiwa kupiga soga na familia kwenye simu ya kazi, na msimamizi alikuwa na masikio ya sungura. Kwa hiyo tulikuwa tunasema kwa adabu, "Tunaomba kuzungumza na baba." Naye anajibu kwa sauti ya hotelini, "Hold on, please, I'll put you through," yaani subirini, nawaunganisha. Kimya. Tunasikia kiti kinasogea. Tunasikia kikohozi. Halafu inakuja sauti nyingine, ya chini, ya nyumbani kabisa: "Haya. Baba hapa. Mnataka nini?" Wewe ulikuwa unarukaruka mpaka vitabu vinamwagika. Uliamini kabisa kwamba ni watu wawili. Ulimwuliza Mama yule wa kwanza analala wapi, na kwa nini Baba asimkaribishe chakula.

Basi nikasema. Pale karakana, mbele ya wenzangu, mwanamke mzima: "Naomba kuzungumza na baba."

"Hold on, please," akasema. "I'll put you through."

Kimya. Nikawapungia mkono wenzangu wazime cherehani, wakazima. Nikasikia kiti kinasogea. Nikasikia kikohozi. Kipara, nilikuwa nimekumbatia gora la kitambaa kwa nguvu mpaka nikalikunja lote. Halafu akaja.

"Haya," akasema. "Baba hapa."

Akangoja, akangoja, kisha akaniambia, "Speak up, please." Nikacheka na kulia kwa pamoja, nikamwambia, "Baba, ni mimi, nilitaka kukusalimia tu." Akasema, "Haya. Njoo." Nikaaga kazini, nikaenda. Nilimkuta bado ameshika simu.

Jana asubuhi nilijaribu tena, nikiwa chumbani kwangu na mlango nimeufunga, maana niliogopa isije ikawa ni bahati. Ikawa vilevile. "Baba hapa," akasema, na safari hii akaongeza, "Umekula?" Mama alijaribu naye kutoka uani kwa simu yangu, akaambiwa "Baba hapa" na mumewe mwenyewe, akaona haya kama msichana.

Sasa ya jana mchana, na hii ndiyo iliyoniketisha niandike. Tumemaliza kula, Baba akagonga meza. "Put me through," akasema. Hiyo huitumia akimtaka mtu. Nikamwuliza, kwa nani? Kwa Mama? Akatikisa kichwa. Kwangu? Hapana. Kwa fundi saa? Akakasirika, akagonga tena, akanyanyua mkono. "We were cut off." Tukangoja, kama tulivyofundishwa. Akaanza kujishika kichwa, hapa utosini, anasugua mkono mbele na nyuma. Mama akaruka kutafuta vidonge, akidhani kichwa kinauma, Mungu apishe mbali. Akamletea na maji. Baba akavisukuma vidonge upande, akanitazama mimi.

"Put me through," akasema. "Kipara."

Jina la kwanza, ndugu yangu. Katika sisi wote, ninayemvalisha soksi na anayempikia, jina la kwanza ni lako. Wivu ulinishika, sikufichi. Ulikaa kidogo, furaha ikaufukuza.

Kwa hiyo nakuomba, na siombi mara nyingi. Jumapili hii baada ya chakula cha mchana cha huku kwetu, saa yako ileile ya zamani, piga simu ya Mama. Itakuwa mezani karibu na mkono wake wa kushoto. Mimi na Mama tutakuwa uani, hatutaigusa hata iite mpaka iimbe. Atapokea kwa Kiingereza chake. Usiogope, usimwambie "ni mimi", usiniombe mimi wala Mama. Sema kama tulivyokuwa tunasema dukani. Ulisema siku ile kwamba huyo si Baba, na labda hukukosea sana. Alikuwa yule wa kwanza, na kazi yake ni kukuunganisha tu.

Ukimpata usimpe maneno mengi. Mwambie ulichokula, kama kuna jua, Bosi Mdogo amefanya ukorofi gani. Akisema amekatika, ngoja. Akikuambia "Speak up", ongeza sauti, usilie. Au lia, lakini kwa sauti.

Nisalimie wifi yangu kipenzi, mwambie mapazia ya chumba cha mtoto nimeshayakata, yamebaki ringi. Mbusu Bosi Mdogo mashavu yote mawili kwa niaba ya shangazi yake, na umwambie bibi yake anajua Kiingereza siku hizi, ajihadhari. Wasalimie na majirani zako wanaokuazima koleo la theluji. Mama anakusalimu sana, anasema ule, uvae soksi mbili, na usimcheke kwa "hurry up" yake. Fundi saa naye hayuko nyuma.

Mungu akulinde njiani uendako na urudiko, akupe afya wewe na nyumba yako, na akujalie nguvu za kidole kimoja tu cha kubonyeza namba Jumapili.

Wako akupendaye hata akikugombeza,
Dada yako.

Nyongeza: Nimesahau la muhimu kuliko yote. Akishakwambia "Hold on" kutakuwa kimya, kirefu kuliko kile cha dukani. Utadhani laini imekufa. Usikate. Anakuja.